Sajini Alimtambua Ndani ya Leso

Kyalo hakuwa na gari wala pikipiki. Hakuwa na shamba, hata la kukodi, katika mji ambao watu huulizana habari za majani chai kabla ya kuulizana habari za watoto. Hakuwa na jamaa hata mmoja upande huu wa Mlima Kenya. Watu wake wote walikuwa Kitui. Hakuwa na televisheni, hakuwa na sofa, hakuwa na mke, na alipotimiza miaka thelathini na tisa hakuwa tena na nywele za utosini. Alichokuwa nacho ni kazi ya kusoma mita za maji mjini Nyeri, kamera ya mtumba yenye lenzi moja, na mbwa mzee aliyeitwa Sajini.

Mbwa huyo aliachiwa na jirani yake wa Ruring'u, polisi aliyeitwa Simiyu, alipopewa uhamisho wa ghafla kwenda Turkana. "Kaa naye wiki mbili tu," Simiyu alimwambia. Miaka tisa ikapita. Sasa Sajini alikuwa na miaka kumi na mitatu. Pua na midomo ilikuwa myeupe kana kwamba ameichovya kwenye unga, jicho la kushoto lilikuwa na ukungu, na miguu ya nyuma ilikataa kazi asubuhi za baridi. Kila Jumamosi Kyalo alimpiga picha moja kwenye ngazi ya mlango wa nyuma. Picha zilikuwa zimepita mia nne. Ukizipanga zote mezani ungeona weupe ukipanda usoni mwa mbwa pole pole, kama unyevu unavyopanda ukutani.

Jumamosi moja ya mwezi wa Machi, Kyalo alimpandisha Sajini kwenye wilbaro, juu ya blanketi kuukuu, akamsukuma hadi sokoni. Alitaka kupiga picha za malundo ya karoti na viazi kabla jua halijawa kali. Lakini kila alipoinua kamera, wanawake walijifunika nyuso kwa aproni.

"Wewe! Nani amekutuma? Kanjo wa ushuru?" mmoja alipiga kelele.

"Sijatumwa na mtu, mama. Ni kupenda picha tu."

"Kupenda picha! Na huyo mbwa kwa wilbaro, unauza?"

Soko zima likacheka. Kyalo alikuwa anageuza wilbaro aondoke wakati mwanamke mmoja alipotoka nyuma ya magunia ya mchele. Alivaa sweta jekundu, aproni ya buluu na gambuti, na kitambaa cheupe kilichofunga misuko yake kilikuwa na vumbi la mchele. Hakumtazama Kyalo. Aliinama, akampa Sajini vidole vyake avinuse.

"Anaitwa nani?"

"Sajini."

"Sajini, pole na kazi." Akampapasa mgongoni mpaka kiunoni, na mbwa akaguna. "Huyu ako na shida ya nyonga. Mbwa ya baba yangu ilikuwa hivi hivi. Unampatia nini?"

"Dawa ya daktari. Na uji."

"Mpatie wali laini na supu. Lakini upike pishori ya Mwea kama hii yangu, si ile wamechanganya."

"Huo ni ushauri wa daktari ama ni biashara?"

Hapo ndipo alipoinua uso, akacheka, na pengo dogo kati ya meno yake ya mbele likaonekana. "Zote mbili. Kilo ngapi?"

Aliitwa Warigia, na kwao kulikuwa Kagio. Alipanga chumba kimoja karibu na soko, na kila mwisho wa mwezi aliteremka nyumbani kuleta mchele.

Kyalo alinunua kilo mbili siku hiyo. Jumatano akanunua nyingine mbili. Jumamosi akarudi tena.

"Ngoja kwanza," Warigia alisema, mizani mkononi. "Mtu mmoja na mbwa mmoja, kilo sita kwa wiki? Unafungua hoteli?"

"Sajini anakula sana."

"Sajini anakula ama Sajini anatumwa?"

Kyalo akatazama viatu vyake. Mwezi uliofuata Warigia alikwenda mwenyewe Ruring'u na mfuko wa chenga, zile punje zilizovunjika ambazo wateja hawazitaki, akazipika jikoni kwa Kyalo na kumlisha mbwa kwa mkono. Baada ya hapo hakuna aliyehesabu tena kilo. Kila jioni simu ililia na Kyalo alijua ni nani.

"Umekula, mpenzi?"

"Nimekula."

"Uwongo. Nipee Sajini."

Kyalo aliiweka simu kwenye sikio la mbwa. Warigia aliongea naye Kikuyu kwa dakika tano, na mkia wa mzee ukapiga sakafu. Kyalo alisubiri zamu yake kwenye kiti, bila kuelewa neno, akiwa na furaha ambayo hakuijua jina.

Jambo moja tu lilikuwa halijanyooka. Warigia alikuwa na miaka thelathini na minne, naye ndiye kifungua mimba wa Mzee Mathenge. Mdogo wake, Nduta, alikuwa tayari amepata mchumba aitwaye Kingori, na ruracio, yaani sherehe ya mahari, ilikuwa imepangwa Agosti. Kwa familia yao, mdogo kumtangulia mkubwa ni jambo linalosemwa kwa sauti ya chini. Kingori alikwisha kupeleka mbuzi wa kumwomba Warigia radhi. Warigia aliipokea kamba ya mbuzi huyo akitabasamu, kisha akaingia zizini peke yake na kukaa huko kwa muda.

"Baba anataka mpiga picha wa ruracio," alimwambia Kyalo. "Nimesema najua mmoja wa Nyeri."

"Ukasema ni nani wako?"

"Nimesema ni mpiga picha. Sikiza, Kyalo wangu. Siku hiyo ni ya Nduta. Usiseme kitu yetu yoyote. Watu wataanza kuuliza, kila kitu itaharibika. Unyamaze tu. Umenielewa?"

"Nimekuelewa."

Alidhani amemwelewa.

Siku yenyewe jirani aliyezoea kukaa na Sajini alikuwa amesafiri, na dawa ya saa sita haikuweza kurukwa. Kyalo akaenda Kagio na mbwa ndani ya gari la rafiki yake Gikonyo. Boma la Mzee Mathenge lilikuwa limefagiliwa hadi barabarani. Mahema mawili meupe yalikuwa yamesimamishwa kando ya migomba, wazee wamevaa makoti na kofia, wanawake wa upande wa bibi harusi wamevaa kitenge cha kijani cha aina moja. Kyalo alivaa shati jeupe lililopigwa pasi mara mbili. Alipiga picha vibuyu, wazee, na mikono ya akina mama ikimenya ndizi. Alipompita Warigia walisalimiana kama mtu na muuza duka.

Kisha ikafika saa ya kumtafuta bibi harusi. Wasichana sita walitoka nyumbani kwa mstari, wamefunikwa leso kutoka kichwani hadi miguuni, hata vidole havionekani. Kingori alitakiwa amtambue Nduta wake. Akikosea, analipa faini. Akina mama waliimba wakimcheka, naye akapita mbele ya mstari akijikuna kidevu.

Gikonyo alikuwa amefungua mlango wa gari kwa sababu ya joto. Hakuna aliyemwona Sajini akishuka. Alionekana tu pale katikati ya uwanja, akiburuta miguu ya nyuma, pua ikiwa chini. Alipita leso ya kwanza, akapita ya pili na ya tatu. Alipofika ya nne alisimama, akanusa pindo, mkia ukaanza kwenda huku na huku. Akajilaza juu ya miguu ya aliyefunikwa, akashusha pumzi ndefu, akafumba macho.

Kingori, ambaye alikuwa amechanganyikiwa kwa dakika kumi nzima, alidhani ameletewa msaada. Akanyoosha kidole. "Huyu!"

Leso ikafunuliwa. Alikuwa Warigia.

Kelele iliyotoka hapo ilifika barabarani. "Faini! Faini! Kreti nne za soda!" Shangazi Watiri, dada ya Mzee Mathenge, mwanamke mnene mwenye sauti ya kengele, alishika kiuno. "Hata mbwa amechagua! Mwenye mbwa anangoja nini?"

Watu wakacheka zaidi, kisha kicheko kikapungua pole pole, kwa sababu Mzee Mathenge hakuwa akicheka. Alikuwa mzee mrefu, mkulima wa mpunga, mtu wa kuuliza swali moja kwa wakati mmoja.

"Kijana wa picha," alisema. "Mbwa huyu ni wako?"

"Ndiyo, mzee."

"Mbwa hajilazi kwa miguu ya mtu asiyemjua. Wewe na binti yangu ni watu wa namna gani?"

Watu arobaini waligeuka. Kamera ilining'inia shingoni mwa Kyalo kama jiwe. Alimtazama Warigia, leso ikiwa mabegani mwake, uso wake umetulia kabisa. Akakumbuka alichoambiwa: unyamaze. Lakini mzee alikuwa anangoja jibu, na kunyamaza mbele ya wazee ni kuwakosea adabu. Maneno yakamtoka.

"Hakuna kitu, mzee. Mimi hununua mchele kwake. Basi."

"Basi?"

"Basi, mzee."

Mzee Mathenge akaitikia kwa kichwa. Warigia akautoa mguu wake taratibu chini ya mbwa, akakunja leso mara nne, akaingia jikoni. Sherehe ikaendelea.

Jioni Kyalo alipiga simu, moyo ukiwa mwepesi. "Mpenzi, tumepita salama, siyo?"

"Tumepita."

"Nilifanya vile uliniambia."

"Eeh. Ulifanya. Asante."

"Mbona sauti yako iko hivyo?"

"Nimechoka. Nipee Sajini."

Aliongea na mbwa, kisha simu ikakatwa. Siku ya pili ikawa vivyo hivyo. Siku ya tatu Kyalo alikwenda sokoni, akapimiwa kilo mbili bila kutaniwa, akarudishiwa chenji hadi shilingi ya mwisho. "Karibu tena, kastoma," Warigia alisema. Kyalo alitembea na mfuko ule hadi Ruring'u akitafuta kosa lake, na hakuliona. Aliahidi kutosema, hakusema. Siri ilibaki siri. Sasa tatizo liko wapi?

Alhamisi ya wiki ya pili mlango ulibishwa. Warigia aliingia na sufuria ya chenga. Alivaa koti la mvua la manjano, na hakumsalimia.

"Nimekuja kuona Sajini. Si wewe."

"Sawa. Karibu."

"Sijakuja kwako, kwa hivyo usinikaribishe."

Akaketi sakafuni, akaweka kichwa cha mbwa mapajani, akamlisha. Alimkanda nyonga kwa mafuta ya moto. Kyalo alisimama mlangoni mwa jikoni. Hakujua kama mwenye nyumba anaruhusiwa kuketi.

"Niwapige picha mkiwa hivyo?" aliuliza, kwa kukosa la kusema.

"Piga mbwa. Mimi unitoe."

Akapiga. Kupitia kioo cha kamera aliona machozi yakimdondoka Warigia juu ya manyoya. Akaishusha.

"Warigia. Niambie. Mimi ni mjinga, niambie kama mjinga. Wewe ndiye uliniambia ninyamaze!"

"Nilikuambia unyamaze. Sikukuambia unikane."

"Mzee aliuliza! Ningemjibu nini?"

"Ungesema, mzee, leo ni siku ya Nduta, hayo tutaongea. Ungekohoa. Ungemwita mbwa wako. Kuna vitu mia moja mtu anaweza kufanya na mdomo yake kabla aseme ati hakuna kitu." Alijifuta uso kwa mkono wa koti. "Unajua nilisimama hapo nikiwa nani? Dada mkubwa mwenye ameletewa mbuzi ya kumbembeleza. Watu wote walikuwa wananiangalia. Kwa dakika moja mbwa akaja, wakafikiri, aah, kumbe ako na mtu. Kyalo, dakika moja nilifurahi sana, hata kama nilikuwa nimekukataza. Halafu wewe ukasema unanunua mchele."

Kyalo aliketi sakafuni, upande wa pili wa mbwa. "Samahani. Nakupenda, Warigia. Mbele ya Mungu nakupenda."

"Ulinikana mbele ya watu arobaini. Ukinikubali hapa jikoni mbele ya mbwa, inanisaidia nini?"

Kyalo akavuta blanketi juu ya mbwa.

"Shangazi Watiri hajalala," Warigia aliendelea, sasa kwa sauti tulivu iliyomtisha zaidi. "Amesema, kama mpiga picha mwenyewe amesema hakuna kitu, basi msichana ako huru. Ametafuta mtu. Mwanamume wa Mwea, mjane, ako na mashine ya kukoboa mchele. Jumapili hii wazee wa ruracio wanarudi kwa baba kunywa zile soda za faini, na huyo mtu ataletwa aonekane."

"Na wewe umekubali?"

"Sijakubali, sijakataa. Ni mtu mzuri, ameulizia habari yangu bila kuficha."

"Sasa unataka nifanye nini? Niambie, nitafanya leo hii!"

Warigia alisimama, akachukua sufuria. "Hiyo sitakuambia. Nikikuambia, utakuwa tu umenitii tena."

Akamuaga Sajini kwa Kikuyu, akatoka kwenye mvua.

Kyalo hakufanya kazi ya maana kesho yake. Alisoma mita ya nyumba moja mara mbili na kuiruka ya jirani. Saa nne alisimama chini ya mti wa barabarani, akampigia Mzee Mathenge.

"Mzee, ni Kyalo, mpiga picha."

"Picha ziko tayari?"

"Karibu, mzee. Lakini kuna jambo lingine, kuhusu Warigia..."

"Kijana." Sauti ya mzee haikuwa na hasira. "Mambo ya simu mimi siyasikii vizuri. Niliuliza mbele ya wazee, ukajibu mbele ya wazee. Ukiwa na jibu lingine, walipate wao pia. Jumapili saa nane watakuwa hapa."

Simu ikakatwa. Kyalo akabaki akiitazama. Mzee alikuwa amemfukuza, au alikuwa amemwonyesha mlango ulio wazi? Alimpigia mjomba wake Kitui. Mjomba angeweza kusafiri mwisho wa mwezi, si kabla. Na mwanamume haendi peke yake kwenye boma kuzungumzia binti wa watu. Ataulizwa watu wako wako wapi, na kuonyeshwa benchi la nje. Hata kama angekubaliwa kuingia, alijiogopa. Mara ya kwanza aliposimama mbele ya wale wazee, mdomo wake ulikuwa umefanya ulichotaka.

Adhuhuri aliingia duka la vitabu, akanunua karatasi za mistari na bahasha ya kaki. Alirudi nyumbani, akampa Sajini dawa, akaketi kwenye ngazi ya nyuma na ubao magotini. Karatasi ya kwanza alijitetea. Akaichana. Ya pili alimsifu Warigia kwa maneno mengi mazuri, na aliposoma tena akaona hayakujibu swali. Akaichana pia. Ya tatu aliandika polepole, kwa herufi kubwa ambazo mzee angeziona bila miwani:

"Kwa Mzee Mathenge na wazee wote.

Mimi ni Kyalo, msoma mita wa Nyeri, niliyepiga picha siku ya Nduta. Mzee uliniuliza mimi na Warigia ni watu wa namna gani. Nilisema hununua mchele kwake, basi. Huo ulikuwa uongo, na niliusema kwa sababu ya woga. Ukweli ni kwamba nampenda, nimempenda tangu mwezi wa Machi, na ninataka awe mke wangu. Mbwa wangu alisema kweli mbele yenu kabla yangu.

Naomba barua hii isomwe kwa sauti, shangazi Watiri akiwapo, kabla mgeni mwingine hajasikilizwa. Mjomba wangu atafika mwisho wa mwezi, nami nitakuja naye kwa utaratibu. Mkinitoza faini nitalipa. Mkikataa nitasikia.

Warigia hajui kama nimeandika. Ikimchukiza, kosa ni langu peke yangu."

Aliisoma mara tatu. Hakujua kama ingemrudisha Warigia au ingemwaibisha mara ya pili. Huenda alikuwa amekwisha kumzoea yule mjane moyoni. Huenda wazee wangecheka hadi soda ziwatoke puani. Simu ikalia.

"Amekula?" Warigia aliuliza.

"Amekula wali wote."

"Na wewe?"

Ilikuwa mara ya kwanza kwa siku kumi na mbili kumwuliza hivyo. Barua ilikuwa magotini mwa Kyalo, na ulimi wake uliwashwa kumwambia. "Bado," alisema. "Nina kazi kidogo namalizia."

"Kazi gani saa hii?"

"Yangu."

Warigia akasema kwa upole kidogo, "Haya. Nipee Sajini."

Walipomaliza, Kyalo alikunja barua mara tatu, akaitia ndani ya bahasha. Gundi ya bahasha ilikuwa imekauka dukani. Akachovya kidole kwenye mabaki ya uji wa asubuhi, akapaka ukingo, akaubana kwa kiganja mpaka ukashika.

Ofisi ya vifurushi kwenye steji ya magari ya Kagio ilikuwa inakaribia kufungwa. Karani, msichana mwenye kucha za zambarau, aliipima bahasha kwa mkono.

"Ndani kuna nini?"

"Barua."

"Barua tu? Si ungetuma meseji?"

"Barua tu. Ifike kesho, kwa Mzee Mathenge, dukani kwa ushirika wa mpunga. Wanamjua."

"Mtumaji niandike nani? Wengi huwa wanaacha namba peke yake."

"Andika jina."

"Kyalo tu?"

"Yote matatu. Upande wa mbele, kwa herufi kubwa."

Msichana akaandika kwa kalamu nene nyeusi, akapiga mhuri mara mbili, akaitupa bahasha ndani ya gunia la Kagio na kulifunga mdomo kwa kamba.